Sheria Inayosubiri Mnyama Augue

Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zilinyesha kaskazini-mashariki mwa Kenya. Maji yakatuama, mbu wakazaana, na kondoo na mbuzi wa Garissa wakaanza kutupa mimba. Wafugaji Wasomali walijua kinachokuja. Wana jina lao la ugonjwa huo, sandik, kwa sababu ya damu inayomtoka mnyama puani. Wanasayansi nao, kwa vipimo vya setilaiti, walikuwa wametoa tahadhari wiki kadhaa kabla wagonjwa wa kwanza hawajatambuliwa. Hata hivyo ugonjwa huo, homa ya Bonde la Ufa, uliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya, ukavuka mpaka na kuingia Tanzania.

Tahadhari ile ilimlazimu nani kufanya nini? Kisheria, karibu hakuna. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, ni ya mwaka 1965. Mantiki yake ni kwamba ugonjwa uonekane kwanza, mwenye mifugo atoe taarifa, eneo litangazwe kuwa na maambukizi, kisha wanyama wazuiwe kutembea. Kwa sotoka, iliyosafiri na mnyama mgonjwa na kutangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, mantiki hiyo ilifaa. Virusi vya homa ya Bonde la Ufa huweza kukaa miaka ndani ya mayai ya mbu ardhini, vikingoja mafuriko. Mnyama wa kwanza akishaugua, muda wa chanjo umepita. Tena sindano moja ikipita kutoka kondoo hadi kondoo huweza kueneza virusi vyenyewe.

Kinachobaki ni kufunga soko. Mwenye mbuzi wazima hukosa unga na karo sawasawa na mwenye mbuzi wagonjwa, na mfugaji anayewahi kutoa taarifa hujifungia soko kwa mkono wake. Kasoro hii naiona kubwa kuliko zote, na kuongeza faini hakutaiponya. Anayetoa taarifa mapema anastahili fidia iliyoandikwa ndani ya sheria, pamoja na muda maalumu wa kuilipa.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Jedwali la Nne liliziachia kaunti kazi ya kudhibiti magonjwa ya wanyama, sera ya tiba ya mifugo ikabaki kwa serikali ya taifa. Sura ya 364 iliandikwa kwa ajili ya mkurugenzi mmoja aliyeko Nairobi. Kundi la kondoo likitoka Wajir kwenda Garissa hupita katika bajeti mbili na mabaraza mawili, na virusi havisubiri vikao.

Upande wa uvuvi ulipiga hatua mapema zaidi. Sheria ya 2016 iliandikwa Katiba mpya ikiwa mezani, na ikavitambua vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fuo, BMU. Mvuvi wa Homa Bay ana chombo kinachotajwa na sheria. Mfugaji wa Garissa, aliyeusoma ugonjwa kabla ya ofisi, anastahili nafasi kama hiyo.

Sheria hii ikiandikwa upya, naomba basi kifungu kimoja kipewe uzito kuliko vyote: tahadhari rasmi ya mvua na mbu ikitolewa, fedha za chanjo zitoke na kaunti zote zilizo njiani zichanje kabla mnyama yeyote hajaugua. Muswada wowote utakaofika Bungeni bila kifungu hicho urudishwe kwa waliouandika.