Birika la Msikiti na Mchanga wa Simiyu

Kiangazi kikikaza katika Mkoa wa Simiyu, mito ya msimu hubaki mchanga mtupu. Akina mama wa Kisukuma, kuanzia pande za Bariadi hadi Meatu, hufukua mashimo katika mikondo hiyo mikavu, wakangoja maji yachuje, kisha wakayateka kata kwa kata. Mtu wa visiwani akiwaona hudhani hayo ni mambo ya bara. Asahau kwamba mababu zake nao waliishi kwa maji ya mchangani.

Lamu na Pate hazina mito. Mvua hunywewa na vilima vya mchanga, kama vile vya Shela, na maji matamu, kwa wepesi wake, huelea juu ya maji ya chumvi. Anayechimba kwa pupa huifikia chumvi. Elimu hiyo ndiyo iliyoweka misikiti pale ilipo. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alifukua katika miaka ya 1980 misikiti iliyojengwa mmoja juu ya magofu ya mwingine, ya mwanzo ikiwa ya miti, tangu karne ya 8. Na kisima hakikuwa mbali.

Wataalamu wetu wameisifu mno mihrabu, wakalipita birika. Lakini litazame, msomaji: sakafu ya chokaa isiyovuja, mfereji unaotoka kisimani, jiwe la matumbawe la kusugulia nyayo. Katika majumba ya Lamu walitia hata samaki wadogo birikani, wale viluwiluwi vya mbu. Sheria iliruhusu kutayamamu panapokosekana maji, ila mwashi hakutaka kuwaachia waumini mchanga peke yake.

Wala hekima hiyo haikuwa kinga ya milele. Gedi, karibu na Malindi, ilikuwa na visima vingi, kimoja ubavuni mwa msikiti mkuu. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua hapo mwaka 1948, aliona kuwa kisima kimeongezwa kina, akahisi kwamba maji yalikuwa yakishuka. Mji ukahamwa katika karne ya 17. Wengine hutaja vita. Mimi nakiamini kisima kuliko mkuki, ijapokuwa mkuki ndio wenye masimulizi.

Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha mradi, ukisaidiwa na Ujerumani, wa kufikisha maji ya Ziwa Viktoria katika miji ya Simiyu. Ni heri, na mama aliyetembea na ndoo kichwani tangu alfajiri hatayalilia mashimo yake. Ila jiwe la birika la Gedi lingalipo, nasi twalisoma. Shimo la mchangani hufukiwa na mafuriko ya kwanza, na ujuzi wa mahali pa kufukua, kina gani, na wakati gani wa kuacha, umo katika mikono ya wanawake ambao hakuna aliyewauliza.