Mimba Changa na Jembe: Historia ya Ukimya Kasekese

Sheria ya kazi ya Tanzania huihesabu mimba kinyumenyume. Inaanzia siku ya kujifungua, inarudi nyuma wiki nne, na hapo ndipo likizo inapoweza kuanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamruhusu kuianza mapema zaidi pale tu daktari anapothibitisha kwamba hali yake au ya mtoto inadai hivyo. Kazi ya usiku inakatazwa katika miezi miwili ya mwisho. Mwili wa mwanamke nao una hesabu yake. Kichefuchefu huanza karibu wiki ya sita, hukolea karibu wiki ya tisa, na kwa wengi hutulia kati ya wiki ya 16 na ya 20. Wanawake saba au wanane kati ya kumi hukipata. Wiki hizo za mwanzo, za kizunguzungu na uchovu unaomlaza mtu mchana, ndizo ambazo sheria bado haijazifungulia macho. Na katika kata ya Kasekese, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, ambako kwa wanawake wengi kazi ni shamba la familia, pengo la sheria linakutana na pengo jingine, nalo ni desturi ya kutoitangaza mimba mpaka ijionyeshe yenyewe. Nadai kwamba desturi hiyo hapo zamani haikumwacha mwanamke peke yake. Ilikuwa na watu wake wa kuibeba. Historia ya sehemu hii iliwatawanya watu hao, ukabaki ukimya mtupu.

Tuanze na sheria, maana ndiyo iliyo rahisi kufuatilia. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa kumlinda mzazi kazini ulipitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 1919, mjini Washington. Ulimlenga mwanamke wa viwandani na wa biashara, ukampa ruhusa ya kuacha kazi wiki sita kabla ya kujifungua na kumzuia asirudi wiki sita baadaye. Mkulima hakuwamo. Huku Tanganyika, sheria za kazi za Waingereza zilitungwa zikimfikiria mwanamume anayeacha kwao kwenda kuwa manamba kwenye katani au kibarua mgodini. Mji wa Mpanda, hapa Katavi, ulikua hivyo. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya madini ya risasi yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Aliyeandikwa kazini kama mchimbaji alikuwa na namba na posho. Mwanamke aliyelima mahindi vijijini hakuwa kwenye daftari la mtu. Mwaka 1975 serikali huru ilirekebisha sheria ya ajira na kutoa siku 84 za malipo kwa mwajiriwa yeyote mwanamke, aliyeolewa na asiyeolewa, na hilo linastahili sifa hadi leo. Lakini miaka hiyohiyo, kati ya 1973 na 1976, serikali ileile ilikuwa ikiwahamishia wakulima wa nchi nzima kwenye vijiji. Mwanamke wa ofisini alihesabiwa siku zake. Wa shambani alihesabiwa kaya.

Uhamisho huo haukuwa wa kwanza hapa. Tangu miaka ya 1920 wakoloni walikuwa wamewakusanya watu wa magharibi ya Tanganyika kwenye makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o na ugonjwa wa malale, na Wabende na Wakonongo walio wenyeji wa nchi hii wanaijua historia hiyo. Mwaka 1972 wakaja wakimbizi kutoka Burundi. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973, na ya Mishamo, yaliyo katika Wilaya hiyohiyo ya Tanganyika, mwaka 1978. Wasukuma nao wamekuwa wakishuka na ng'ombe zao kutafuta malisho na ardhi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 mkoani Katavi, na ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Mkoa ulioongezeka maradufu katika miaka kumi ni mkoa wa wageni wengi, na kaya nyingi za wageni ni mume, mke na watoto, bila mama mkwe, bila wifi, bila bibi.

Hapo ndipo desturi inapobadilika maana. Kunyamaza kuhusu mimba changa kumeenea karibu Tanzania nzima, na kuna sababu zake. Watu wanaogopa husuda na mkono wa mtu. Wanajua pia kwamba mimba changa huharibika, na takwimu za kitabibu zinawaunga mkono, kwani kati ya mimba mia zinazojulikana, kumi hadi ishirini hutoka. Lakini ukimya wa boma lenye wakwe na mashemeji ni wa nje tu. Ndani, mama mkwe anamwona mkamwana anavyoikimbia harufu ya dagaa na kutafuna udongo wa pemba, anaelewa bila kuambiwa, na kesho yake anamtuma binti mwingine kisimani. Siri inafichwa kwa jirani, na kazi inagawanywa nyumbani. Mwanamke aliyehamia na mumewe peke yao anaificha siri kwa wote, na ndoo ya lita 20 inabaki kichwani pake.

Msimu nao haumsaidii. Mvua za Katavi huanza Oktoba au Novemba na kwisha Aprili, na ndani ya miezi hiyo ndimo mnamoingia kulima, kupanda na kupalilia. Kaya inayolima tumbaku, zao lililotia mizizi katika vijiji na makazi ya Mpanda, ina nyongeza. Jani likiiva huchumwa, mara nyingi asubuhi, bado lina umande. Utomvu wake unaganda viganjani na kuwa mweusi, na nikotini iliyoyeyuka katika maji ya jani hupenya ngozi. Mchumaji anapata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kichwa kuuma. Mwenye mimba ya wiki nane atajuaje kinachomtapisha? Huenda ni mimba, huenda ni jani, huenda ni malaria, ambayo mkoani haijawahi kuwa mbali. Akijinunulia dawa dukani bila kusema kitu, anaweza kumeza isiyofaa katika miezi mitatu ya kwanza: SP, kwa mfano, ambayo kliniki humpa mjamzito kumkinga na malaria, hutolewa baada ya miezi hiyo kupita. Mwenye kunyamaza hawezi kushauriwa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta kwamba karibu wajawazito wote Tanzania walifika kliniki angalau mara moja, lakini ni robo tu waliofika ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Utafiti huohuo uliiweka Katavi juu kabisa kwa mimba za wasichana: asilimia 45 ya wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au ni wajawazito. Binti wa umri huo ndiye mwenye sababu nyingi kuliko wote za kuficha.

Wapo watakaosema kichefuchefu si ugonjwa, bibi zetu walilima nacho na watoto wakazaliwa. Ni kweli walilima, lakini katika boma lililojaa watu, na hatujui wangapi walizimia shambani kwa sababu hakuna aliyeandika. Tena si kila kutapika ni kwa kawaida. Wachache hutapika hadi kukosa maji mwilini, na hao wasipopelekwa kituoni hali inakuwa ya hatari. Wengine watasema dawa ipo. Dunia iliwahi kuifuata njia hiyo kwa pupa: thalidomide iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikatumiwa pia kwa kichefuchefu cha wajawazito, ikaondolewa huko mwaka 1961, na watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na vilema. Siku hizi zipo dawa zilizopimwa vizuri zaidi, ila mwenye kuziagiza ni mganga wa zahanati, naye lazima aambiwe.

Pingamizi zito ni kwamba sheria haiwezi kuingia shamba la mtu. Nakubali. Hakuna afisa kazi atakayekwenda Kasekese kumpa mkulima likizo ya kutopalilia, na kumlazimisha mwanamke aitangaze mimba ya wiki sita ni kumnyang'anya kinga ambayo bado anaihitaji. Pia kliniki nyingi zimekuwa zikimtaka mjamzito aje na mwenza wake, jambo jema kwa nia, lakini linalomchelewesha asiye na mume au mwenye mume aliye safarini. Kinachowezekana ni kumpata tena yule mtu mmoja wa ndani ambaye uhamiaji umemwondoa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuambiwa kwa siri. Chama cha msingi kinachowakusanya wakulima wa tumbaku kabla ya msimu kinaweza kusema wazi kwamba mjamzito asichume jani bichi, tangu mwezi wa kwanza wa mimba. Na mume, ambaye katika kaya ya wahamiaji ndiye mtu mzima mwingine pekee nyumbani, ndiye aliyerithi kazi ya mama mkwe, apende asipende. Mkeo akianza kuikimbia harufu ya dagaa, ndugu yangu, usingoje akueleze. Chukua ndoo uende kisimani.