Kivuli cha Bustani na Wajenzi wa Wiki Mbili

Banda la kivuli la bustani ya shule ni kazi ndogo. Nguzo sita au nane, mbao za kuunganisha, waya, misumari na neti nyeusi ya plastiki. Fundi mzoefu na msaidizi wake hulimaliza kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana vikundi vya makanisa vinavyokuja kujitolea kutoka ng'ambo hulipenda. Halidai ustadi mkubwa, halina ukuta wa kuwaangukia watoto wa shule, na picha ya kumalizia hupigwa kabla ndege haijaondoka.

Safari hizi si jambo dogo. Mwanasosholojia Robert Wuthnow alikadiria kwamba waumini wapatao milioni 1.6 wa makanisa ya Marekani walikuwa wakienda nje ya nchi kila mwaka kwa misheni ya muda mfupi. Wengi hushika koleo au nyundo. Swali ambalo wenyeji wao hawaulizi kwa sauti, maana mgeni haulizwi hivyo, ni kama nyundo ile ingefaa zaidi mkononi mwa mtu mwingine.

Kurt Ver Beek, mwanasosholojia aliyeishi Honduras kwa miaka mingi, aliliuliza. Kimbunga Mitch kilipoipiga nchi hiyo mwishoni mwa Oktoba 1998 na kuua watu zaidi ya 5,000, vikundi vya Amerika Kaskazini vilimiminika kujenga nyumba. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2006 alilinganisha familia zilizojengewa na wageni na zile zilizojengewa na Wahondurasi wenyewe, na hakuona tofauti ya maana katika maisha yao baadaye. Tofauti ilikuwa kwenye gharama: nyumba ya takriban dola 2,000 iliweza kugharimu kikundi kimoja dola 30,000 hivi, nauli ikiwemo. Wajitolea wengi walisema safari iliwafanya wakarimu zaidi. Rekodi za michango hazikuwaunga mkono sana.

Tanzania nayo ina kisa chake. Mwaka 2014 Pippa Biddle, Mmarekani, aliandika jinsi yeye na wanafunzi wenzake walivyokuja kujenga maktaba katika kituo cha watoto yatima. Matofali waliyoyapanga mchana yalikuwa mabovu kiasi kwamba usiku wanaume wa hapo waliyabomoa na kuyapanga upya, ili wageni wakiamka wasijue.

Mtetezi wa safari hizi atasema kivuli si ukuta: neti ikilegea hafi mtu. Kweli. Lakini kivuli nacho kina elimu yake, na elimu hiyo ni ya mahali. Aliyekulia Ohio amezoea jua linalokaa upande wa kusini mwaka mzima. Karibu na ikweta jua la saa sita mchana huwa utosini, Juni likielekea kaskazini na Desemba kusini. Kisha kuna miche yenyewe. Mkulima anayefunika kitalu kwa nyasi juu ya chanja huzipunguza kidogo kidogo wiki ya mwisho, miche ikomae kwa jua kabla ya kuhamishiwa shambani. Neti iliyopigiliwa misumari pande zote haipunguziki. Masika yakija, kivuli kizito juu ya udongo uliolowa huita ugonjwa wa kinyausi, na miche huanguka ikiwa imeoza shingoni.

Mchwa hawangoji masika. Nguzo isiyotiwa dawa, au isiyopakwa hata oili chafu sehemu inayozama ardhini, huliwa kutoka chini huku juu ikionekana nzima. Neti nayo huchakaa kwa jua, na upepo huanzia kwenye pindo lisilokunjwa. Hapo wajenzi wamesharudi kwao Marekani, na mwalimu wa bustani hana fungu la kununua mita ishirini za neti. Udhaifu mkubwa wa misheni ya ujenzi uko hapa, kuliko hata kwenye nauli: hukabidhi kitu bila kukabidhi uwezo wa kukitunza.

Mwanafikra Ivan Illich alipozungumza na wanafunzi wa Kimarekani huko Cuernavaca, Mexico, Aprili 1968, aliwasihi waje kutazama na kujifunza, si kusaidia. Alikaza kamba mno. Urafiki unaoota kati ya kanisa la ng'ambo na kijiji una thamani, na kijana aliyechimba shimo la nguzo juani huenda akaiheshimu kazi ya mkono maisha yake yote. Faida hiyo ni ya kijana huyo. Iandikwe kwenye hesabu zake, isiandikwe kama msaada kwa shule.

Mpango wa haki unawezekana, na hauhitaji kufuta safari. Kabla tiketi hazijakatwa, kamati ya shule ichague fundi wa hapo, ikubaliane naye ujira, na kuamua neti itafungwa kwa kamba ili iweze kukunjwa. Bajeti iwe na fungu la neti ya pili na nguzo mbili za akiba, fedha zake zikae kwa kamati. Wageni wakifika wachimbe mashimo, wabebe mbao, wachote maji, na fundi ndiye awaambie shimo gani halijafika kina.