Kahawa ya Kihamba

Hapa Wazo kahawa ya arabika haistawi. Ardhi ni ya joto, na kilima chake kimejulikana kwa saruji. Hata hivyo, familia zilizohamia jijini kutoka Kilimanjaro zilikuja na urithi wa kihamba.

Kihamba ni shamba dogo la ukoo, mara nyingi lisilofikia hekta moja, ambamo mibuni hukua chini ya migomba na kurutubishwa kwa samadi ya ng'ombe wa zizini. Mapadre Wakatoliki waliipanda kahawa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wachagga walipoanza kuilima kwa wingi, walowezi walipinga, wakidai kuwa mashamba ya wenyeji yangeeneza magonjwa. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikafuatwa na KNCU. Kwa umoja huo walilinda haki ya kulima na kuuza.

Ubora wa kahawa hiyo hutokana na mikono: kuchuma matunda mekundu pekee, kuyamenya siku ile ile, kuvundika, kuosha na kuanika kwenye vichanja. Kina mama na watoto walifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, ingawa kwa desturi fedha ilikuwa ya baba. Fedha hiyo ililipa ada za shule.

Bei ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi waling'oa mibuni. Hivyo warudio nyumbani kila Krismasi wanao wajibu: kuutunza urithi huo, na kumpa kila aliyeutolea jasho haki yake.