Vitunguu vya Maua: vya Ulaya na vya Msitu Wetu

Mwaka jana tulipanda frizia mbele ya kanisa, hapa Barumbu. Vitunguu vyake vilitoka Ulaya, vimefungwa vizuri katika karatasi, nasi tulitaka maua ya altare kwa Noeli. Majani yakatoka, marefu na membamba, kisha yakalala. Ua hata moja hatukuliona. Tulipofukua tulikuta vitunguu vimeoza.

Mtunza bustani hana kosa. Asili ya frizia ni Afrika ya Kusini, pande za Rasi, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi, Juni mpaka Agosti. Ili ua lijifanyize, udongo sharti upoe hata digrii 15 hivi kwa majuma kadhaa. Kwetu joto ni kama digrii 25 mwaka mzima. Ulaya nako baridi huzidi, barafu ingeiua. Basi huilinda katika nyumba za vioo.

Lakini, wasomaji wapendwa, nyumba hizo za vioo zililea na maua ya kwetu! Mwaka wa 1890 Bwana N. E. Brown wa Kew, Uingereza, aliandika habari za ua jekundu la Kongo, lililoletwa na nyumba ya Linden ya Brussels, akaliita Haemanthus lindenii. Siku hizi wataalamu huliita Scadoxus cinnabarinus. Ndilo lile liotalo kivulini msituni, vijiua vingi vimekusanyika juu ya bua moja. Sisi hulikata kwa jembe tukifungua shamba. Wao walilichomea makaa lisife kwa baridi.

Tena yuko Émile Laurent, mwalimu wa chuo cha kilimo cha Gembloux, Ubelgiji. Alikuja Kongo mara tatu kutafuta mimea. Safari ya mwisho alianza 1903, pamoja na Marcel, mtoto wa ndugu yake. Nchi yake hakuiona tena: alifia baharini katika kurudi, Februari 1904. De Wildeman aliichapa mimea yao katika kitabu kikubwa, 1905 hata 1907. Na kitunguu kimoja cha Kongo kilipewa jina la marehemu, Crinum laurentii.

INEAC, iliyoundwa 1933, ilikuwa na kituo kikuu cha utafiti Yangambi na kituo hapa Barumbu. Lakini kazi ya kituo hicho ilikuwa hasa michikichi, kahawa na kakao, si maua.

Sasa tumeokoa mashina manne ya lile jekundu katika shamba lililokuwa likifyekwa, tukayapanda chini ya mwembe, katika udongo wa majani yaliyooza. Matatu yamekwisha kutoa majani. Watoto tumewakataza kuyaonja, maana yana sumu.