Dawa na mlinzi wake (Historia ya antibaiotiki, sehemu ya 4)

Kuna swali mnaniuliza sana: "Nesi, hii dawa ya maji ya mtoto mbona ina majina mawili, amoksilini na asidi klavulaniki?" Jibu lake lina historia ya miaka zaidi ya 80.

Mwaka 1940, pale Oxford, Uingereza, Edward Abraham na Ernst Chain walikuwa wanaichunguza penisilini. Wakakuta baadhi ya bakteria wana kimeng'enya kinachoiharibu. Kichukulie kama mkasi mdogo: kinakata pete iliyo katikati ya molekuli ya dawa, na dawa inakosa nguvu. Taarifa yao ilitoka Desemba 1940. Polisi mmoja wa Oxford, kati ya wagonjwa wa mwanzo kabisa kudungwa penisilini, aliipata Februari 1941. Yaani usugu ulijulikana kabla dawa haijazoeleka wodini!

Basi, mikasi ikaenea. Miaka ya 1970 wanasayansi wa kampuni ya Beecham, hukohuko Uingereza, wakapata asidi klavulaniki kutoka kwa bakteria wa udongoni. Yenyewe haina nguvu ya maana ya kuua vijidudu. Kazi yake ni kuwa chambo: mkasi unaing'ata, unanasa, amoksilini inapita salama. Mwaka 1981 mchanganyiko huo ukaanza kuuzwa kwa jina la Augmentin.

Bakteria nao hawakulala. Ukaja mkasi unaoitwa KPC, unaokata hata meropenemu, dawa tunayowawekea wagonjwa mahututi. Klavulaniki haiuzuii vizuri. Safari hii watafiti hawakusubiri bahati ya udongo. Umbo la mikasi ya aina hii lilishapigwa picha kwa eksirei. Wakaliweka kwenye kompyuta, wakapima ni molekuli gani yenye boroni itakaa sawasawa mdomoni mwa mkasi, kama fundi anayechonga ufunguo baada ya kuiona kufuli. Ikapatikana vaborobaktamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 pamoja na meropenemu.

Tumeshinda? Bado. Kuna mkasi mwingine, NDM, unaotumia madini ya zinki, na vaborobaktamu haiuwezi. Kompyuta inafupisha njia, lakini kila mlinzi mpya bado anachukua miaka mingi kumfikisha kitandani kwa mgonjwa.

Kwa hiyo mama, tuwatunze tulio nao. Dawa hiyo ya maji ikishachanganywa, iweke kwenye friji kama kibandiko kinavyosema, maana kwenye joto klavulaniki huharibika haraka kuliko amoksilini: mlinzi anaondoka kwanza. Usimpe mtoto kwa mafua ya kawaida, hayo ni ya virusi. Na iliyobaki usimgawie mtoto wa jirani, hata kama kikohozi kinafanana. Mlete apimwe.