Matawi ya Krismasi Usambara

Siku hizi mapambo ya asili yanasifiwa sana, na kwa sababu njema. Mapambo ya plastiki hung'aa wiki mbili, kisha huishia mtaroni. Lakini kila nionapo tawi bichi limesimamishwa ndani ya kopo la mchanga na kuvikwa pamba iwe kama theluji, huuliza: tawi hili limetoka wapi? Historia ya milima yetu imenifundisha kuwa swali hilo si dogo.

Desturi ya kuweka mti wa kijani nyumbani wakati wa Krismasi ilikomaa Ujerumani. Mwaka 1891 wamisionari Wajerumani wa Kilutheri walifungua kituo Mlalo, wakakiita Hohenfriedeberg. Lushoto nayo serikali ya Kijerumani iliipa jina la Wilhelmstal. Wageni hao walikuta huku juu mti wetu wenyewe, wa kijani mwaka mzima, wenye mbao za kunukia: mtarakwa. Ungeweza kubaki pambo la msitu, lakini mbao zake zilitakiwa, hata kwa kutengenezea penseli. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Wilkins & Wiese ilijenga njia ya nyaya kutoka misitu ya Shume hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga, na mbao zikateremshwa zikining'inia angani.

Baadaye Shume ilipandwa misindano na saiprasi, mti wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati. Ndio huo wengi wetu tunaouita mti wa Krismasi, tukidhani ulikuwapo tangu enzi za akina Kimweri.

Basi neno "asili" peke yake halitoshi. Tawi la mtarakwa ni la asili, na kulikata ni hasara. Tawi la saiprasi ni la mgeni, na kulikata si dhambi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ua wa saiprasi sharti upunguzwe, na miti ya shambani hupogolewa. Matawi hayo hupindwa yakawa duara, yakafungwa kwa kamba za magome makavu ya mgomba, yakachomekwa koni za misindano zilizoanguka zenyewe, na juu ikawekwa nyota ya maganda ya mahindi. Hakuna mti uliokufa. Sikukuu ikiisha, matawi huwa kuni, na magome na maganda hurudi shambani kuwa mbolea.

Mitarakwa iliyobaki hukua polepole mno, na msitu wake ndio unaotunza chemchemi tunazonywa. Mtoto anayetumwa kuleta tawi la sikukuu aelezwe hayo kabla hajakabidhiwa panga.